Mtu anafikaje kuongoza opera za Baroko huku anapiga kinanda mwenyewe?

Kinanda_Tukuyu
Habari zenu wakuu. Niko Tukuyu, napiga kinanda kanisani na kwaya naifundisha mimi, na mnajua huku kwetu Krismasi haipiti bila Haleluya ya Handel. Sasa nimeanza kuangalia opera zake YouTube, yaani michezo ya kuimbwa ya enzi za Baroko, Ulaya ya 1600 hadi 1750 hivi, hasa Giulio Cesare ya 1724, na kilichonishika ni yule mtu aliyekaa kwenye hapsikodi, kile kinanda cha zamani cha nyuzi, katikati ya okestra, anapiga, anainua mkono kuwapa waimbaji ishara, anarudi kwenye kinanda, fimbo hana. Hiyo ni kazi moja au mbili? Na mtu anaanzia wapi mpaka afike pale? Halafu kamera ikisogea naona karatasi yake ina mstari wa besi tu na vinamba, anasoma nini pale?

BesiYaKihesa
Mkuu hivyo vinamba ndo kazi yenyewe, inaitwa kontinuo. Mtunzi aliandika besi na namba, kodi, yaani nota kadhaa za kupigwa pamoja, unaijaza mwenyewe palepale. Kwa solfa yetu iko hivi, besi ikiwa m haina namba unahesabu ya tatu na ya tano kwenda juu, unapata m s t. Ikiandikwa 6 unapiga m s d. Besi s yenye 7 inakuwa s t r f. Chukua wimbo wowote wa kwaya yako, funika sauti tatu za juu, ubaki na besi, ujaze mwenyewe mpaka mkono uzoee. Na pale hupigi peke yako, kwa kawaida kuna chelo inashika besi hiyohiyo.

Mama_Solfa_Njombe
Mwanangu, enzi zile ilikuwa kazi moja, Handel mwenyewe aliongoza opera zake London akiwa kwenye hapsikodi. Ufaransa ndo walipiga mapigo kwa fimbo ndefu chini, mtunzi wao Lully alijigonga nayo kidole cha mguu, kidonda kikaoza, akafariki 1687.

Wa sasa hivi msome William Christie, Mmarekani wa Buffalo, alisoma hapsikodi Yale akahamia Ufaransa, 1979 akaanzisha kundi lake Les Arts Florissants, na 1987 wakaipiga Atys ya huyohuyo Lully Paris, watu wakarudi kuipenda opera ya Kifaransa iliyokuwa imelala. Na Emmanuelle Haïm, huyu mimi namheshimu sana, alikuwa mpigaji wa kontinuo kwenye kundi la Christie kabla ya kuanzisha Le Concert d'Astrée mwaka 2000. Kwa hiyo njia unaiona, unaanza kwa kumsindikiza mwimbaji, kuongoza kunakuja baadaye.

Kinanda_Tukuyu
Shikamoo mama, asante sana. Kinachonisumbua ni zile sehemu mwimbaji anaimba kama anaongea, mapigo siyaoni kabisa, sasa yule wa hapsikodi anajuaje aingie lini?

Mama_Solfa_Njombe
Marahaba. Hiyo ni resitativo, pale hesabu ya mapigo weka pembeni ufuate maneno. Angalia mdomo na pumzi ya mwimbaji, kodi iangukie kwenye silabi yenye uzito. Na sauti ya hapsikodi inakufa haraka, ukigonga kwa nguvu haiongezeki, kwa hiyo unaitawanya kodi nota moja moja, taratibu kwenye huzuni, haraka kwenye hasira. Kwetu ni sawa na kumsindikiza kasisi anapoimba utangulizi wa misa, wengi mnafanya hivyo kila Jumapili.

BesiYaKihesa
Naongezea. Keyboard nyingi zina sauti ya hapsikodi, itafute, halafu shusha transpozi iwe -1, yaani nusu toni chini, hapo nota ya A inakaribia kabisa Hz 415 ambayo makundi mengi ya Baroko wanatumia badala ya 440 ya kawaida. Kusoma kwa hapa nchini kuna digrii ya muziki Makumira kule Arusha, hapsikodi yenyewe sikuahidi ila solfeji na hamoni utapata, na kontinuo bila hamoni haiendi. Ila usisubiri chuo mkuu, tafuta soprano mmoja wa kwaya yako mwenye uvumilivu, muanze na resitativo fupi ya Masiya ya Handel, humo inamotoka Haleluya yenu, namba za besi utazikuta humohumo.