Baltiki: maji yanapwa bila mwezi, kina nikihesabuje?

Bamvua: Wakuu, chombo kimefungwa gatini Travemünde, Ujerumani, mkuku unafika mita 1.9 chini ya maji. Ramani inasema kina ni mita 2.3. Mombasa ningeangalia jedwali, bamvua au maji mafu, yakaisha. Huku maji ya mwezi hayazidi sentimita 10 hadi 20, lakini kusini-magharibi inavuma siku ya pili na ukuta wa gati unazidi kuonekana. Nihame?

Tanga_Mbili: Hama mapema, mkuu. Ramani za pwani yetu huhesabu kina kuanzia maji yanapopwa kabisa, kwa hiyo karibu kila saa una akiba. Za Baltiki huanzia usawa wa wastani. Maji yakishuka nusu mita unabaki na 1.8, yaani mkuku umo topeni. Upepo huo unayasukuma kuelekea Ufini, na kushuka mita nzima hutokea. Soma utabiri wa usawa wa maji wa BSH, idara ya bahari ya Ujerumani, kisha jumlisha au toa tarakimu yake kwenye kina cha ramani.

Baromita: Mgandamizo wa hewa nao umo: milibari 1 ikishuka, maji hupanda kama sentimita 1. Ila upepo ndio bwana. Mimi ningeogopa zaidi marejeo ya maji. Upepo ukikatika au kugeukia kaskazini-mashariki, maji yaliyorundikana huko hurudi kama ya beseni lililoinamishwa likaachiwa. Novemba 1872 yalipanda zaidi ya mita 3 hapohapo Travemünde. Oktoba 2023 Flensburg ilipata zaidi ya mita 2.

Kwa hiyo usikaze kamba fupi. Za mshazari ziwe ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu, na zile za nguzo za nyuma zizuiwe zisichomoke juu maji yakipanda. Waya wa umeme wa gatini uachiwe ulegevu. Wengi huusahau mpaka unang'oka.

Bamvua: Nahama leo. Na mkondo wa Öresund, mlangobahari kati ya Denmark na Uswidi, unageuka kila baada ya saa sita?

Tanga_Mbili: Sahau saa sita. Unaweza kwenda upande mmoja siku kadhaa, kutegemea Baltiki imejaa au imepungua kuliko Kattegat, bahari iliyo kaskazini ya mlango huo. Pale Helsingør, Denmark, penye wembamba huweza kufika maili 3 za bahari kwa saa. Tazama maboya: yakilala upande usioutaka, subiri.