Mrejesho: Viti, zulia na dari ya Cessna 172, Malindi
Ndugu zangu, niliuliza iwapo fundi wa viti vya magari hapa Malindi angeweza kushona upya viti vya ndege yangu ya watu wanne na kubadilisha zulia na dari. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilinunua kitambaa chenye cheti cha kupimwa moto, kama mlivyonielekeza, na fundi akafumua vifuniko vya zamani mshono kwa mshono ili avitumie kukatia vipya. Viti vimetoka vizuri mno. Aliyesisitiza kwamba zulia lote ling'olewe alisema kweli, kwani chini yake, kando ya reli za viti, alumini ilikuwa imeota kutu nyeupe ya ungaunga, nayo hewa yetu ya chumvi haina huruma. Mhandisi mwenye leseni aliisafisha na kupaka rangi ya kinga kabla ya kazi kuendelea.

Dari ndiyo iliyotushinda: gundi iliachia kwa joto ndege ikiwa imeegeshwa juani, tukakibandua kitambaa chote, na sasa tunasubiri gundi inayostahimili joto. Ndege imepimwa uzito upya, na mhandisi ameandika vipimo vipya katika kumbukumbu za ndege.