Kompyuta ya nyumbani haifunguki baada ya umeme kukatika: nawezaje kuokoa faili?

Mkulima wa Hombolo

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Jumanne usiku umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya muda mfupi, na tangu hapo kompyuta yetu ya mezani haifunguki: taa ya mbele inawaka, feni inazunguka, lakini kwenye kioo hutokea maandishi meupe tu yanayosema kwamba hakuna diski ya kuanzishia mfumo. Humo mna kumbukumbu za shamba letu la zabibu tangu 2016, yaani tarehe za kupogoa, dawa tulizopiga na kilo za kila mvuno, pamoja na picha za marehemu mama ambazo hazipo mahali pengine popote. Fundi mmoja mjini ameshauri tuifomati na kuweka Windows upya. Nimeirudisha nyumbani bila kumruhusu. Je, nimekosea?

Fundi wa Kisasa

Hujakosea hata kidogo, ndugu yangu. Kufomati huiandaa diski ipokee vitu vipya, wala hakuokoi vya zamani, na kila mahali mfumo mpya utakapoandikwa ndipo kilichokuwapo kitakapopotea kabisa. Chomoa kompyuta ukutani, fungua kasha, kisha uchomoe na kuchomeka upya nyaya mbili za diski, ule mwembamba wa data na ule mpana wa umeme, kwa sababu vumbi letu la kiangazi huingia hata kwenye viunganishi. Baadaye iwashe mara moja tu huku umetega sikio. Ukisikia mvumo laini, tuna matumaini. Ukisikia kugonga, tak, tak, tak, zima papo hapo.

Mama Ipagala

Naomba wosia huo wa kuzima uzingatiwe, kwa maana mimi sikuuzingatia. Diski yangu ilianza kugonga, nami nikaendelea kuiwasha kila jioni kwa siku nne nikidhani itaamka, na mwishowe nikaambiwa kwamba vichwa vya kusomea vilikuwa vimekwangua sahani zenyewe zinazozunguka ndani ya diski na kubeba data, hivyo hapakubaki cha kusomwa. Pia usikubali mtu aifungue diski mezani kwake. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo mara nyingi.

Mkulima wa Hombolo

Pole sana, mama, na ahsante kwa kunionya. Nimechomeka nyaya upya na kusikiliza: inavuma bila kugonga. Safari hii imefika kwenye vile vidoto vinavyozunguka, ikakwama hapo kwa dakika kumi, nikaizima.

Fundi wa Kisasa

Hiyo ni habari njema, maana diski inatambulika, ila huenda ina sehemu zisizosomeka. Usianze kunakili faili moja moja, kwani diski dhaifu huchoka ikirudiarudia pale palipoharibika. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, uanzishe kompyuta kwa flashi yenye Linux, yaani mfumo mwingine badala ya Windows, kisha utumie programu ya bure iitwayo ddrescue kunakili diski nzima. Husoma kwanza sehemu zisizoharibika, huruka mbovu na kuzirudia mwishoni, na kwa kuwa huandika ilipofikia kwenye faili maalumu, hata umeme ukikatika tena utaendelea kutoka hapo. Kagua mara mbili ipi ni diski ya zamani na ipi ni mpya kabla ya kubonyeza, kwa sababu ukizigeuza utafuta kila kitu kwa mkono wako mwenyewe.

Ukishapata nakala, iweke ya zamani kabatini na ufanye kazi kwenye nakala tu. Jaribu kwanza TestDisk, ambayo huweza kurejesha mgawanyo wa diski pamoja na majina ya faili. Ikishindikana, tumia PhotoRec, ijapokuwa hiyo huleta picha bila majina wala mafolda yake.

Mwalimu Makulu

Niongeze jambo moja kwa wasomaji wenye SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka: huko, faili iliyofutwa mara nyingi hairudi, kwa sababu mfumo huiagiza diski isafishe nafasi hiyo yenyewe. Maelezo ya hapo juu yanafaa zaidi diski za sahani.

Mkulima wa Hombolo

Narudi na majibu. Kunakili kulichukua usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata, na TestDisk ikarejesha folda ya shamba ikiwa na majina yake, isipokuwa jedwali la 2023 ambalo linakataa kufunguka. Picha za mama zimetoka kwa PhotoRec zikiwa na namba tupu, zaidi ya mia nne, kwa hiyo shangazi amekuja kutoka Majengo, tumekaa naye mbele ya kioo, na yeye ndiye anayetaja kila mmoja aliyemo nami naandika. Leo nimenunua diski ya nje, na nakala ya pili itakaa kwake. Fundi, kuhusu hilo jedwali la 2023, nikiirudisha ddrescue kwenye sehemu zilizobaki, kuna hatari ya kuimaliza diski?

Fundi wa Kisasa

Hatari ipo, lakini vingine vyote umeshavipata na diski haigongi. Iache diski ipoe, uendeshe ddrescue kwa lile lile faili maalumu inamoandika ilipofikia ili isianze upya, na uisimamishe ukisikia mlio wowote mpya.