Vichaka vya Taxus vitastahimili kivuli cha upande wa kaskazini?

Swali
Ndugu zangu, ninaishi Columbus, Ohio, Marekani, na upande wa kaskazini wa nyumba yangu hupata jua kidogo tu asubuhi. Nimeshauriwa kupanda vichaka vya Taxus, ambavyo majani yake membamba hubaki ya kijani hata wakati wa theluji. Je, vitastawi hapo, ikizingatiwa kwamba maji ya paa humwagikia mahali hapo hapo?

Jibu la kwanza
Dada, kivuli kisikutie hofu, kwa maana katika kundi kubwa la misonobari na miti inayohusiana nayo ni michache inayokivumilia kiasi hiki. Hatari iko kwenye maji, kwani mizizi yake huoza upesi katika udongo unaotuamisha maji; kwa hiyo elekeza kwanza mfereji wa paa kwingine, kisha panda juu ya tuta. Vikirefuka kupita kiasi, vipogoe bila woga, kwa kuwa huchipua hata kwenye matawi ya zamani.

Jibu la pili
Naomba niongeze jambo zito. Majani na mbegu zake vina sumu inayoweza kusimamisha moyo wa mtu, farasi au ng'ombe. Ni nyama nyekundu inayozunguka mbegu pekee isiyo na sumu. Ikiwa una watoto wadogo, tafuta aina ya kiume kama 'Hatfieldii', isiyozaa matunda hayo yanayowavutia, ingawa majani yake bado ni sumu. Kulungu, kwa bahati mbaya, huyala bila kudhurika.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nitaanza na mfereji.