Darasa la Pili wanaandika 3005 badala ya 305, nianzie wapi?

Mlole84 (Kasulu)
Habari za jioni walimu. Darasa la watoto 80. Ukiwatajia mia tatu na tano wanaandika 3005. Ishirini na nne, 204. Kwenye 42 – 17 wanapata 35. Jedwali la mamia, makumi na mamoja wanalijaza vizuri. Tatizo liko wapi, na zana gani haina gharama?

Asali ya Sikonge
Wanaandika wanachosikia: mia tatu ni 300, "na tano" ni 5, wanaunganisha. Kata kadi za boksi: 1 hadi 9 ziwe na upana wa sm 3, 10 hadi 90 sm 6, 100 hadi 900 sm 9, kila tarakimu ikae kwenye sm 3 zake. Seti ni kadi 27. Weka 300, juu yake 5, kingo za kulia zilingane: inasomeka 305. Akiinua 5 anaikuta sifuri chini yake. Akipanga kushoto, 5 inafunika 3 na inasomeka 500, kwa hiyo simamia sana huo ukingo.

Ujiji Mashariki
Mwalimu, kadi zisubiri kwanza. Hilo jedwali mtoto analijaza kwa kunakili tarakimu tu. Anza na vijiti. Huko kwetu Kigoma makuti ya michikichi hayakosekani. Chukua njiti zake, kata sm 10. Vikundi 16 vya watoto watano, kila kikundi vijiti 120, jumla 1,920. Vya kufungia, kata pete nyembamba kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli.

Usiwafungie. Mtoto ahesabu kumi na kufunga mwenyewe, la sivyo bunda kwake ni kitu kimoja tu. Kagua mabunda yenye 9 au 11, maana siku yakifunguliwa jibu halitoki.

Sasa 42 – 17: mabunda 4, vijiti 2. Saba havitoshi. Fungua bunda moja: mabunda 3, vijiti 12. Ondoa 7, ondoa na bunda moja, inabaki 25. Wa 35 amegeuza akafanya 7 – 2, kwa sababu amezoeshwa "toa ndogo kwenye kubwa". Kauli hiyo iachwe kabisa. Hata "kopa" silipendi: mkopo hurudishwa, bunda hili halirudi. Sema "fungua".

Nzega Kati
Naongeza: ishirini, thelathini, arobaini, majina haya hayataji kumi popote. Kwa wiki za mwanzo 24 isomwe kwanza "makumi mawili na mamoja manne", ndipo "ishirini na nne".

Mlole84 (Kasulu)
Ahsanteni sana. Nitajuaje wako tayari kwa kadi? Na pesa je, nazo zinafaa kama zana?

Ujiji Mashariki
Mpe vijiti 34, yaani mabunda matatu na vijiti vinne, andika 34, onesha ile tarakimu ya 3 umuulize ni vijiti vipi hivyo. Akitenga vijiti vitatu, bado. Akitenga mabunda matatu na kusema thelathini, mpe kadi.

Asali ya Sikonge
Pesa mwisho kabisa. Noti ya 1,000 haifunguki ukaona sarafu kumi za 100 ndani yake. Na weka kando za 50, 200 na 500, zinavuruga kumi kumi.