Mashine ya boti inakula mchanga, naombeni ushauri

Wakuu, nina boti ya faiba yenye Yamaha ya farasi 15, naegesha Kunduchi. Maji yakikupwa pale ni balaa, propela inakaribia kugusa chini na maji yanayotoka yote tope. Juzi kile kimshipa cha maji ya kupoozea mashine, yanayoruka nje, kikawa kinadondosha matone tu. Fundi kafungua pampu, impela (kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji) imelika na mchanga umejaa humo ndani. Hii ya pili tangu Januari!

Nikiinua mashine sana inavuta hewa badala ya maji. Upondo (mti mrefu wa kusukumia boti) ninao, ila nikiwa na abiria wanaona nawachelewesha. Jioni huwa naiungurumisha mashine kwenye pipa la maji ya bomba ili kuisuuza.

Kuna chujio la kufunga pale inaponyonyea maji? Au litaziba na kuichemsha zaidi?