Kiingereza nasoma vizuri ila kusikiliza natoka kapa

Swali: Wakuu naombeni msaada. Kusoma na kuandika Kiingereza niko vizuri tu, ila wenyewe wakianza kuongea naambulia neno mojamoja, na nikitaka kujibu sentensi inagoma kutoka. Nifanyeje?

Jibu: Mkuu shida sio spidi tu, sisi kwenye Kiswahili kila silabi tunaitamka wazi, wao wanakazia maneno yenye uzito halafu yale madogomadogo wanayameza, mfano "want to" utasikia "wona", "what do you" inakuwa "wadayu", sasa wewe unasubiri neno ulilolizoea kwenye maandishi linakupita. Chukua klipu ya dakika 1, sikiliza bila maandishi, andika ulichosikia, ndo ufungue maandishi ulinganishe. Ulipokosea rudia hapohapo mpaka sikio likubali, usirukie klipu nyingine kwanza.

Jibu: Naunga mkono. BBC Learning English wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, kifupi na maandishi yake yapo, bure. Mi nilikuwa naongea pamoja na mtangazaji, nyuma yake kidogo kama mwangwi, ulimi ukalegea kabisa.

Muuliza swali: Asanteni sana jamani, hiyo ya kumeza maneno sijawahi kuambiwa! Na kama sina mtu wa kuongea naye?

Jibu: Jirekodi kwenye simu dakika 2 ukielezea siku yako, jisikilize, halafu rekodi tena stori ileile. Mara ya tatu inatoka bila kukwamakwama.